Saa Iliyokuwa Ikikimbia Mountain View

Vijana wa pale karakana wameniambia niandike. Niliwaambia nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Wakasema haidhuru, andika vile unavyotugombeza. Basi naandika. Anayetaka kujua nililipwa kiasi gani au nilipandishwa cheo lini, aachie hapa. Cheo sikuwa nacho. Nilikuwa na kiti mbele ya meza ya saa, na kuna wakati kiti hicho kilikaribia kuniponyoka kwa sababu ya saa moja ya Uswisi iliyokataa kutulia. Hiyo ndiyo habari yenyewe, lakini siwezi kuianzia katikati.

Niliingia dukani kwa Kantibhai mwanzoni mwa miaka ya themanini, kufagia na kupika chai. Duka lilikuwa mjini kabisa, kwenye kichochoro nyuma ya Biashara Street, jembamba kama ukumbi wa kupitia. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo, nyuma meza mbili za fundi chini ya dirisha. Kantibhai ndiye aliyekuwa fundi, na baba yake alikuwa fundi kabla yake kwenye meza ile ile. Ndugu yake mdogo, Ramesh, alikaa kaunta akizungumza na wateja. Kantibhai hakupenda kuzungumza na wateja. Alisema mteja anajua kila kitu kuhusu saa yake isipokuwa kwa nini imesimama.

Siku ya kwanza nilifanya nilichoajiriwa kufanya: nilifagia. Nilifagia vizuri, mpaka chini ya meza, nikabeba takataka kwenda kutupa. Kantibhai aliruka kama mtu aliyekalia sindano.

"Hapana tupa! Hapana tupa! Leta hapa!"

Nikadhani huyu ni mwendawazimu. Mtu anadai takataka zake? Akanipa chekecheke ya unga na karatasi nyeupe, akaniambia nipepete. Kumbe duka la saa vumbi halitupwi kabla ya kupepetwa, maana skrubu ya saa ya mkono ni ndogo kuliko punje ya wimbi, na ikianguka haitoi sauti. Mimi nimekuwa nikichambua maharagwe tangu nilipojua kukaa, na jicho langu limezoea kutafuta kisichofanana na vingine. Asubuhi ile nilitoa skrubu kadhaa, kigurudumu, na kitu chekundu kidogo kama yai la chawa. Kantibhai alikiangalia kile chekundu kwa lenzi yake ya jicho moja. Ilikuwa rubi, jiwe ambalo ndani ya saa hushikilia ncha ya gurudumu isilike.

"Hii mimi natafuta tangu Diwali," akasema.

Kuanzia wiki ile kila mtu dukani akawa anajipikia chai mwenyewe.

Alinianzisha kwenye kuosha. Saa ikifunguliwa, vipande vyake huoshwa kwa benzini, kimoja kimoja, kwa brashi laini, halafu hupangwa chini ya bilauri iliyogeuzwa ili vumbi lisiingie. Nilikaa kwenye benzini miaka mingi, mpaka watoto wangu wakasema nanuka kama stesheni ya petroli. Baadaye akanipa saa za kuamshia watu, zile zenye kengele mbili kichwani, nifungue na kufunga, nifungue na kufunga. Hakufundisha kwa maneno mengi. Akiona nimeshika kibano vibaya, alinigonga vidole kwa penseli. Nyinyi siku hizi mkigongwa vidole mtaita wakili. Mimi nilibadilisha mshiko.

"Toa pumzi," alikuwa akisema. "Weka kipande. Halafu sasa vuta."

Hiyo nawaachia, itumieni. Na skrubu ikipotea usiinuke, usisogeze kiti. Tazama kwanza mapajani mwako. Ndiyo maana aproni ya fundi wa saa hufungwa kiunoni upande mmoja na mezani upande wa pili, kitu kikiruka kitue kwenye kitambaa. Nimeona vijana wanaivaa kama aproni ya kuchomea nyama pale Kenyatta Market, inaning'inia tu. Hiyo ni mapambo.

Saa za Uswisi sikuruhusiwa kuzigusa kwa muda mrefu. Zilikaa kwenye droo ya Kantibhai, kila moja imefungwa kwa karatasi laini. Na mimi nilikuwa na swali lililokuwa likiniwasha. Miaka hiyo saa za betri zilikuwa zimejaa jijini, za plastiki, zenye tarakimu, zinalia pi-pi kanisani katikati ya mahubiri. Mtoto wa shule alikuwa nayo na ilikuwa haikosei. Na hapa unamwona bwana mzima amevaa saa ya thamani ya shamba, inachelewa dakika yake kila baada ya siku kadhaa, na lazima ifunguliwe na kuoshwa mara kwa mara kama mtoto mchanga. Nikamuuliza Kantibhai, huyu mtu ana akili kweli?

"Veve nauliza kama polisi," akasema. Lakini nilimwona akiweka bisibisi chini, na bisibisi Kantibhai hakuwa akiiweka chini ovyo.

"Uswisi iko milima tupu," akaniambia. "Baridi ikiingia, theluji iko mpaka dirisha. Ng'ombe iko ndani, mkulima iko ndani, shamba hakuna. Sasa yeye nafanya nini? Nakaa karibu na dirisha kama mimi, natengeneza gurudumu. Jirani natengeneza skrubu. Baridi ikiisha, mtu moja napita nakusanya yote, nafanya saa."

Hilo nililielewa mara moja. Kwetu mvua ikikataza shamba, wanawake walikaa ndani wakasuka vikapu vya vyondo. Lakini yeye alikuwa bado.

"Na mbele ya hiyo, huko mjini kwao, kulikuwa na padri kali sana. Nasema pete hapana, mkufu hapana, dhahabu yote ni majivuno. Sonara yote nakosa kazi. Sasa wao nafikiri. Saa si pambo. Saa ni chombo. Padri hawezi kataza mtu kujua saa ya kuja kanisa!"

Akacheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni. Mimi nilimpenda mchungaji huyo papo hapo, na papo hapo nikaona jinsi masonara walivyomzunguka.

Alinieleza pia kuhusu betri ilivyowapiga. Vijiji vizima vya mafundi vilifunga milango. Yeye alilijua hilo kutoka mezani pake: aliagiza springi, akajibiwa kiwanda hakipo tena. Aliagiza kwingine, hakipo. Akaanza kuhifadhi saa mbovu kama mtu anayehifadhi mbegu, ili apate vipande vya kuwekea zingine. Alidhani na yeye amekwisha. Halafu, kuelekea miaka ya tisini, likatokea jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Watu wakaanza kuzitaka tena zile zile za springi, na kwa bei kubwa kuliko zamani. Nikamuuliza kwa nini. Akafungua moja, akaniwekea lenzi, akaniambia tazama mwenyewe.

Nilitazama. Ndani kulikuwa na vyuma vilivyochorwa mistari kama kitambaa kilichopigwa pasi, skrubu zimechomwa moto mpaka zikawa za buluu, kingo zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Na mahali hapo hufunikwa kwa kifuniko cha chuma. Mwenye saa atazikwa bila kupaona. Katikati gurudumu moja lilikuwa likienda na kurudi juu ya springi nyembamba kama unywele, kama kifua cha kitu kilicholala. Mimi si mtu wa kusifusifu vitu. Nilisema tu, "Haya." Lakini siku hiyo nilipanda basi la kurudi kwangu Kangemi nikitazama mikono ya watu, kila saa nikijiuliza ndani yake kuna nini.

Si kwamba wenye kuvaa wote walikuwa wakiwaza hivyo. Alikuja mheshimiwa mmoja, jina lake halituhusu, ambaye fundi wake wa nguo alimkatia shati mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia ili saa ya dhahabu ionekane. Akasema inachelewa. Haikuwa imechelewa, ilikuwa imesimama tangu siku nyingi. Hakuwa amewahi kuitazama, yeye alikuwa akiwaonyesha wengine.

Miaka ya tisini ilipoanza, macho ya Kantibhai yalianza kuchoka, akanikalisha kwenye meza ya pili na kunipa saa za Uswisi. Ramesh hakupenda. Alizaliwa hapa, Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kinateleza kuliko cha kaka yake.

"Mteja akiona mama wa kufagia ameshika saa yake, atasema nini?"

"Atasema inatembea," Kantibhai akamjibu.

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti. Na ndipo akaja Mzee Kamande.

Alikuwa amestaafu, aliwahi kuwa mkuu wa stesheni ya reli huko juu, mtu mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Saa yake haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa uzee, ya aina inayojikaza yenyewe mkono ukitembea. Aliinunua kwa baba yake Kantibhai, kwenye kaunta ile ile, siku alipokabidhiwa stesheni. Tangu hapo haikutoka mkononi mwake ila kuoga na kulala.

"Hii saa imeanza kunywa pombe," alisema. "Jioni naiweka sawa. Asubuhi imekimbia, hata sijui inakwenda wapi."

Saa ikikimbia ghafla hivyo, kitu cha kwanza ni sumaku. Ile springi nyembamba ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana, inakuwa fupi, na saa inapiga mbio. Tuna dira ndogo ya kupimia. Niliisogeza karibu na saa na sindano ikaanza kutetemeka. Kantibhai alikuwa na mashine ya kutoa sumaku, kipete cha nyaya kinachochomekwa kwenye umeme. Unaipitisha saa katikati na kuiondoa pole pole. Tulifanya hivyo, nikaifungua nikaikagua ndani, ikatulia, akaenda. Baada ya siku chache alirudi. Sindano ikatetemeka tena, tukatoa tena.

"Mzee, nyumbani una mashine yoyote ya umeme?" nikamuuliza. "Una sumaku?"

"Nitoe wapi sumaku? Mimi ni mtoto wa shule?"

Mara ya tatu hakuketi. Aliweka saa juu ya kioo akaongea na Ramesh, si na mimi, ingawa nilikuwa pale pale nyuma yake.

"Hii si mashine yangu. Mmetoa ya kwangu ndani mkaweka nyingine."

Mnajua uzito wa neno hilo. Kwa fundi wa saa hakuna tusi zaidi ya hilo, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo kweli. Kantibhai akatoka nyuma, akafungua kifuniko mbele yake, akamwonyesha alama ambazo kila fundi aliyeifungua hukwangua kwa ndani. Ya baba yake ilikuwepo, na yake, na yangu, msalaba mdogo na nukta.

"Hiyo ni ya kifuniko," Mzee Kamande akasema. "Mimi nasema ya ndani. Na alama, hata mimi nikipewa msumari nitachora."

Ramesh akageuka. Hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi.

"Mzee, kabla ya huyu mama kukaa pale, saa yako iliwahi kurudi hivi?"

"Haijawahi."

"Basi. Tunaitengeneza mara ya mwisho. Ikirudi tena, Wanjiru anaenda kuosha, na hapo mezani hakai tena. Kaka, usinijibu. Watu wakisikia tunabadilisha mashine, tumefunga duka."

Kantibhai hakumjibu. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Ramesh, lakini nilielewa: jina lililokuwa mlangoni lilikuwa la baba yao. Sikulia. Nilitoa sumaku, nikafunga saa, nikakaa nikiitazama. Hasira nilikuwa nayo, lakini iliyonisumbua zaidi ni ile hali ya kutojua. Mzee mstaafu, hana kiwanda, hana karakana, hagusi waya. Sumaku anaitoa wapi?

Nikamwambia Kantibhai nataka kuipeleka saa nyumbani kwake mwenyewe.

"Fundi hapana enda nyumba ya mteja," akasema. "Kikombe ikipotea, ni veve."

"Saa inaugulia huko. Nataka kuona inakolala."

Akakuna kidevu. Akafungua droo, akanipa dira, akaniambia nisiseme ametoa yeye.

Jumamosi duka lilipofungwa mapema, nilishuka Kangemi kama kawaida, lakini badala ya kwenda kwangu nikavuka barabara kwenda mtaa wa Mountain View. Nyumba ya Mzee Kamande ilikuwa na ua wa miiba ya kei-apple uliokatwa ukanyooka kama reli. Mlango ulifunguliwa na mke wa mwanawe, Mama Ciku, mikono imejaa unga.

"Wewe ndiye mama wa saa? Karibu, karibu. Ngai, hiyo saa ipone." Akashusha sauti. "Jumapili iliyopita amefungua ibada viti vitupu. Mchungaji hajafika, kwaya hawajafika, yeye amesimama mbele anatangaza wimbo. Watu wameanza kusema mzee anapotea. Bwanangu anataka kumtoa kwa uzee wa kanisa kabla ya watu kumtoa."

"Yeye anajua?"

"Anajua wanacheka. Hajui wanacheka nini."

Mzee Kamande alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. Akapokea saa, akaivaa, akanitazama kama mtu anayekagua tiketi.

"Umekuja kuona kama nimekuibia?"

"Nimekuja kuona saa yako inaishi vipi, Mzee. Ukikubali."

"Inaishi mkononi."

"Na ukilala?"

Akaniruhusu, Mama Ciku akiwa nyuma yangu ili kila mtu awe na amani. Mzee alinionyesha meza ya kando ya kitanda. Nikaweka dira pale, sindano ikatulia ikielekeza kaskazini kama inavyotakiwa. Nikajaribu chuma cha kitanda. Kimya. Nikajaribu cherehani ya marehemu mkewe, sanduku la bati, hata jikoni karibu na friji. Mama Ciku akawa ananifuata akiuliza, "Inasema nini? Inasema nini?" Ilikuwa haisemi kitu. Nilirudi sebuleni nikakaa. Nikaletewa chai na maandazi. Nilikuwa nimeanza kufikiria jinsi nitakavyorudi kwenye benzini, na kama nitarudi kabisa, maana mtu aliyezoea kiti cha mbele hawezi kurudi nyuma bila kuwa na uchungu.

Jua likaanza kuingia chini ya pazia. Mzee Kamande akamwita mkwewe.

"Mama Ciku. Ni saa ya habari."

Mama Ciku akaja, akatoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kitu kando ya kiti cha mzee, nilichodhani ni kabati. Ilikuwa redio, ya kaseti mbili, yenye spika kubwa kama sinia.

"Hii aliniletea mtoto wangu wa Ujerumani," mzee akaniambia. "Ile ya zamani ilikuwa ndogo, ilikaa juu kule kwenye rafu. Sikuwa nasikia. Masikio yangu yaliliwa na injini."

Akavua saa. Akavuta kile kidude cha pembeni, mshale wa sekunde ukasimama. Halafu, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayelaza mtoto, akaiegemeza saa kwenye wavu wa spika, akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa redio, ili asikie milio ya saa moja jioni na aone mshale kwa wakati mmoja. Milio ikaja, pi, pi, pi, na ule wa mwisho mrefu. Akasukuma kidude. Lakini hakuiondoa saa. Aliiacha pale pale mpaka habari zikaisha, kwa sababu kila zilipotajwa saa na dakika alitaka kuhakikisha.

Mimi kikombe kilikuwa mdomoni. Sikukishusha.

Huyu mtu alikuwa akifanya hivyo kila jioni tangu redio ile iingie nyumbani. Saa ilipoanza kukosea, akazidi kuilaza pale, na ilipozidi kulala pale, ikazidi kukosea. Hakuna mvaaji wa saa niliyewahi kumwona akiitunza yake kama yeye. Yule mheshimiwa wa shati, ya kwake haikupatwa na sumaku hata siku moja.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalowapigia kelele kila wiki. Usimuulize mteja kama ana sumaku. Hana habari nayo. Mwambie akuonyeshe anavyoiweka saa yake sawa, mkae, mtazame. Mimi nilitafuta inakolala. Sikufikiria inakoamshwa.

Habari zilipokwisha, akanigeukia. "Sasa? Umeona nini?"

Mtu wa umri wake hasahihishwi kwa maneno mbele ya mkwe wake. Nikatoa dira nikaiweka kwenye kiganja changu, nikaisogeza kuelekea spika. Sindano ikaruka ikabandika upande mmoja, ikakataa kutoka. Mama Ciku akaweka mkono mdomoni. Mzee Kamande akaichukua dira, akarudi nayo nyuma, akaisogeza tena. Akarudia. Alikuwa mtu wa reli, alijua chombo kikimwambia kitu.

"Hata ikiwa imezimwa?"

"Izime tuone, Mzee."

Akaizima. Sindano haikuachia. Hilo hata mimi lilinishangaza. Nilikuwa nikidhani kitu kilichozimwa hakivuti, kumbe ndani ya spika kuna sumaku isiyozimwa.

Akakaa. Akaitazama saa yake mkononi kwa muda.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Ni redio, Mzee."

"Redio haina mikono."

Mama Ciku akaanza kusema kitu kuhusu Jumapili, akaacha. Nikaaga.

Jumatatu tulimkuta mlangoni. Alikuwa amefika kabla ya duka kufunguliwa, kwa sababu saa ilikuwa bado inakimbia. Ramesh akiwa na kufuli mkononi alimwona, akanigeukia pale pale barabarani.

"Wanjiru. Umeona? Imerudi."

"Kijana," Mzee Kamande akasema, "imerudi kwa sababu yangu. Mimi ndiye nilikuwa naiharibu, kila siku saa moja jioni, nikidhani naitunza. Nilisema mmebadilisha mashine. Nilisema hapa, na hapa ndipo naliondoa hilo neno." Kulikuwa na mwenye duka la vitambaa wa jirani, na mlinzi, na wateja wawili, wote wamesimama. Akaongeza, "Na huyu mama asitoke pale alipokaa. Saa yangu inafunguliwa na yeye, ama haifunguliwi."

Ramesh akahangaika na kufuli, ambayo ilikuwa imeshafunguka.

"Ingia ndani, mzee," akasema. "Huku nje kuna baridi."

Samahani hakusema, si siku hiyo wala nyingine. Lakini kabla ya saa sita alitoka kaunta, akapita meza ya kaka yake, akaweka mbele yangu saa ya Uswisi iliyokuwa imeletwa sasa hivi, na karatasi ya mteja. "Hii unaitazama leo?" akauliza, kama tumekuwa tukifanya kazi hivyo miaka yote. Kantibhai alikuwa ameinamia kazi yake. Mabega yake yalikuwa yakicheka.

Nilitoa sumaku kwenye saa ya Mzee Kamande, nikaikagua siku kadhaa, nikampelekea mwenyewe. Lakini kulikuwa na shida iliyobaki. Redio hakutaka iondolewe, ililetwa na mtoto wake. Bila kubandika sikio mzee hasikii milio, na akibandika sikio saa iko karibu. Mkono wake haufiki mbali vya kutosha. Tukaipima kwa dira sebule nzima, Mama Ciku akisogeza viti, mpaka tukapata mahali ambapo sindano hutulia. Ilikuwa mlangoni.

Basi jioni hiyo mimi nilisimama mlangoni na saa yake, kidude nimekivuta, mshale umesimama juu kabisa. Yeye aliinama kwenye redio, sikio limebandikwa, na mkono wa kulia akauinua juu, umenyooka, kama mtu aliyeshika bendera na gari moshi liko mbele yake linangoja. Sijawahi kuona mtu akisimama hivyo sebuleni. Hata Ciku, mtoto wa nyumba, aliacha kutafuna. Milio ikaanza. Mkono haukutikisika. Ule mrefu ulipolia, akaushusha.

Nikasukuma.

Nilichelewa kama sekunde nzima, maana nilikuwa nikimtazama yeye badala ya mshale. Akaja, akachukua saa, akaitazama kwa makini, midomo yake bado ikihesabu sekunde tangu ule mlio, na nikaona ameona. Kwa mtu wa stesheni, sekunde si kitu kidogo. Akaivaa, akafunga mkanda, akashusha mkono wa shati juu yake.

"Iko sawa," akasema. "Mama Ciku, lete chai ya fundi."